Masaa ni ya nani?

Leo naandika ndefu kidogo. Kama uko kwa matatu ya kwenda Nairobi na jam imeanza Mlolongo, basi una nafasi, soma. Kama uko kazini, weka kando mpaka jioni.

Wiki iliyopita dada mmoja wa kanisa letu alibaki nyuma baada ya maombi ya Jumatano. Nilidhani ana shida ya nyumbani, nikavuta viti viwili. Hakuwa na shida. Alikuja kuniambia kwamba 2027 anataka kugombea kiti cha mwakilishi wadi, na alitaka mchungaji wake asikie kutoka kwake kabla ya kusikia sokoni. Aliongea akiangalia sakafu kama mtu anayeungama dhambi. Huyu ni mama ambaye ameshika pesa za kikundi cha akina mama kwa miaka tisa, na kila Desemba anafungua daftari na hesabu inatoka sawa.

Nilimwambia tutaomba. Unajua sisi wachungaji tukisema "tutaomba" wakati mwingine tunanunua muda.

Ijumaa jioni wazee watatu walikuwa sebuleni kwangu. Sijui habari iliwafikiaje, lakini Machakos ni ndogo. Walikunywa chai, wakaulizia watoto, wakaingia kwa jambo. Walitaka nimwambie aache. Wa kwanza alisema siasa itamharibu. Wa pili alisema kuna kijana wa kanisa, mwanamume, ambaye pia anafikiria kiti hicho hicho, na haifai kugawanya kura za waamini. Wa tatu, ambaye namheshimu kama baba yangu, alisema kwa upole, "Mchungaji, mwanamke hafiki. Hata Ngilu hakufika."

Neno hilo limenikalia kifuani tangu Ijumaa. Nataka tulitazame pamoja, mimi na wewe, kwa sababu nadhani limesemwa kwenye nyumba nyingi kuliko yangu.

Charity Kaluki Ngilu alizaliwa 1952 kule Mbooni, wakati Mbooni bado ni sehemu ya wilaya ya Machakos. Kwa hivyo usiniambie ni mtu wa mbali. Alisoma Alliance Girls, akafanya kazi ya ukatibu katika Benki Kuu, akaingia biashara, akaolewa Kitui. Mwenyewe amesimulia jinsi siasa ilivyomkuta. Ilikuwa 1992, mwaka wa vyama vingi. Alikuwa jikoni anaosha vyombo, akasikia akina mama wanaimba nje. Walikuwa wanawake wa vikundi aliofanya nao kazi za maji na afya. Walikuja kumwambia agombee ubunge. Aliwaona kama watu wanaofanya mzaha. Lakini alikausha mikono, akagombea Kitui Central kwa tiketi ya DP, na akamshinda mgombea wa KANU wakati ambapo kushinda KANU halikuwa jambo la kucheza.

Hapo ningependa usimame kidogo. Katika uchaguzi huo wa 1992 Kenya nzima ilichagua wanawake 6 tu kwenda bunge. Kati ya hao 6, watatu walitoka kwetu Ukambani: Ngilu wa Kitui Central, Nyiva Mwendwa wa Kitui West na Agnes Ndetei wa Kibwezi. Nusu! Watu wa Kilungu, Mwala na Mutomo, ambao wengine huko nje wanatuita watu wa kufuata tu, tulikuwa mbele ya nchi nzima katika jambo hili. Wazee wangu watatu walikuwa watu wazima mwaka huo. Walipiga kura. Sijui ni lini tuliamua kusahau.

Na 1997 Ngilu akaenda juu zaidi. Aligombea urais kupitia SDP. Wangari Maathai naye alikuwa kwenye karatasi mwaka huo huo. Kabla yao hakuna mwanamke aliyekuwa amejaribu Kenya. Nilikuwa kidato cha pili, na nakumbuka watu wakipaza sauti barabarani, "Masaa ni ya Ngilu!" Hata watoto wa nasari walikuwa wanasema. Uchaguzi ulikuwa tarehe 29 Desemba, mvua ya El Niño ilikuwa imekata barabara, na sehemu nyingi ilibidi kura iongezwe siku ya pili. Baba yangu alikuwa ametangaza mezani nyumba yetu inapigia nani, na hakuwa Ngilu. Mama yangu hakujibu kitu. Alifunga leso, akashika njia ya matope mpaka shule ya msingi, akapanga laini kutoka asubuhi mpaka alasiri. Alirudi na tope mpaka magotini, akawasha moto, akapika isyo.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa ameshazikwa, mama aliniambia alimpigia nani. Nikamuuliza kama aliamini Ngilu atashinda. Akacheka. Akasema, "Aka, sikuamini. Nilitaka tu nione kama ile karatasi itakubali."

Karatasi ilikubali. Ngilu alikuwa wa tano, nyuma ya Moi, Kibaki, Raila na Wamalwa. Mzee wangu anapoangalia hiyo namba tano anaona mwanamke ambaye hakufika. Lakini hebu tuulize alifika wapi baada ya hapo.

Mwaka wa 2002 alikuwa mmoja wa wale waliounganisha upinzani. Tarehe 3 Desemba Kibaki alipata ajali hapa kwetu, kwenye makutano ya Machakos, akapelekwa London na kampeni ikabaki mikononi mwa wengine. Ngilu alikuwa kati ya waliosimama majukwaani mpaka NARC ikashinda. Januari 2003 akawa waziri wa Afya. Na hapa ndipo mimi, kama mchungaji wa watu maskini, nina deni naye. Mwaka wa 2004 wizara yake ilishusha malipo ya zahanati kuwa shilingi 10 na kituo cha afya shilingi 20, na watoto wa chini ya miaka mitano bure. Wewe uliye na bima ya kazini huenda hukuona tofauti. Mama aliyekuwa anasubiri homa ya mtoto ishuke yenyewe kwa sababu hana pesa ya kadi aliona. Alisukuma pia mswada wa bima ya afya kwa kila Mkenya. Bunge liliupitisha mwaka huo huo, Rais hakutia sahihi, ukalala. Leo tunapogombana kuhusu SHA, tunagombana juu ya jambo ambalo yule mama aliliweka mezani miaka ishirini iliyopita.

Sikuandikii ili nimfanye mtakatifu. Siasa yake ilizunguka sana: alitoka chama hiki kwenda kile, alifutwa kazi 2007 kwa kumuunga mkono Raila, akarudi 2008 kama waziri wa Maji, akaungana na Jubilee 2013 baada ya miaka mingi upande wa pili. Mwaka huo aligombea useneta wa Kitui, David Musila akamshinda, halafu akapewa wizara ya Ardhi. Mwaka wa 2015 alikuwa kati ya mawaziri waliotakiwa kukaa kando wakati tume ya kupambana na ufisadi inachunguza, na wizara hiyo hakurudi kuishika. Mwaka wa 2017 watu wa Kitui wakamfanya gavana. Mwanzoni mwa 2018 alipiga marufuku makaa na mchanga kutoka nje ya kaunti, na lori la makaa likateketezwa barabarani. Kuhusu miti, alikuwa sahihi kabisa. Tembea Kitui Kusini uone ardhi iliyobaki uchi. Kuhusu jinsi jambo lile lilivyowaweka Wakamba na wafanyabiashara wa Limuru karibu na kupigana, nadhani kiongozi angepima maneno yake mara mbili. Lakini alianzisha pia kile kiwanda cha nguo cha KICOTEC, na corona ilipokuja, vijana wa Kitui walikuwa wanashona barakoa wakati wengine tunazitafuta kwa tochi.

Umeona nilivyomhukumu? Nimemuuliza kuhusu zahanati, makaa, ardhi na vyama. Hivyo ndivyo tunavyomhukumu mwanamume. Wanawake tunawauliza mambo mengine kabisa.

Chukua Nyiva Mwendwa. Huyu mama aliingia bunge 1974, akarudi 1992, na mwaka wa 1995 Moi akamfanya waziri wa Utamaduni na Huduma za Jamii. Mwanamke wa kwanza kuketi katika baraza la mawaziri la Kenya, na ni wa KANU, chama cha wazee wenyewe, chama ambacho hakikupenda mabadiliko. Mwaka huo aliongoza ujumbe wa Kenya kwenda mkutano wa wanawake Beijing. Sasa muulize mtu wa rika langu anakumbuka nini juu yake. Atakuambia mambo mawili: kwamba alikuwa mke wa Kitili Mwendwa, Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika, na kwamba ilidaiwa alienda Beijing na msusi wake. Miaka thelathini tumebeba habari ya msusi! Mawaziri wanaume wamesafiri na ndugu, marafiki, na watu ambao kazi yao haijulikani, na hakuna hata siku moja nchi imeuliza kinyozi alilipiwa tikiti na nani. Kama ni pesa ya umma, basi tuulize ya wote.

Na hapa nyumbani. Gavana wetu Wavinya Ndeti aligombea 2013 akashindwa, akagombea 2017 akashindwa, akaenda mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, akashindwa huko pia, akarudi 2022 akashinda. Kazi yake utaipima mwenyewe, mimi si wakala wa mtu na madhabahu si jukwaa. Lakini nilikuwa kwenye mikutano ya miaka ile, na nilisikia swali ambalo watu walirudia kuliko lile la barabara au maji: "Ameolewa wapi?"

Sasa turudi sebuleni. Nilipowakumbusha wazee haya, yule wa pili alicheka akasema, "Mchungaji, hata Wazungu wamekataa. Marekani imepewa mwanamke mara mbili, 2016 na 2024, na mara zote mbili imesema hapana." Ni kweli, imesema hapana. Ndipo nikawaambia habari ya Angela Merkel, nikaona hawamjui vizuri, na labda wewe pia unamjua kama jina la kwenye taarifa ya saa moja tu.

Merkel ni mtoto wa mchungaji. Alizaliwa Hamburg 1954, na wiki chache tu baadaye baba yake, mchungaji wa Kilutheri, akaipeleka familia upande wa mashariki, upande wa Wakomunisti, wakati watu wengi walikuwa wanakimbia kutoka huko. Alikulia mji mdogo unaoitwa Templin, katika serikali ambayo haikupenda kanisa. Akasoma fizikia, akapata udaktari wa masomo 1986. Ukuta wa Berlin ulipoanguka 1989 alikuwa na miaka 35 na hakuwa mwanasiasa. Akaingia chama cha CDU, chama cha wahafidhina kilicho na neno "Kikristo" kwenye jina lake, kilichojaa wanaume wa magharibi, wengi wao Wakatoliki. Yeye alikuwa mwanamke, Mprotestanti, wa mashariki, aliyeachana na mume wake wa kwanza, na asiye na mtoto wa kuzaa. Weka mtu huyo mbele ya kamati ya wazee wa kanisa letu uniambie angetoka na kura ngapi!

Kansela Helmut Kohl alimfanya waziri wa wanawake na vijana 1991. Watu wakamwita "msichana wa Kohl". Umeona? Hata Ujerumani, mwanamke lazima awe wa fulani. Hakugombana na jina. Alifanya kazi. Halafu Desemba 1999, Kohl alipokuwa amezama kwenye kashfa ya michango ya siri ya chama, huyu "msichana" aliandika makala kwenye gazeti akikiambia chama chake waziwazi kwamba lazima kijifunze kutembea bila mzee huyo. Wanaume wakubwa walikuwa wanajua na walikuwa kimya. Mwaka uliofuata wakampa uongozi wa chama. Novemba 2005 akawa kansela, na akakaa miaka 16, akaja hata hapa Nairobi Julai 2011. Aliondoka Desemba 2021 bila kushindwa na mtu, kwa kuamua mwenyewe kwamba imetosha. Taja kiongozi wa kwetu aliyefanya hivyo. Nangojea.

Mzee wa tatu alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini Paulo je?" Nilijua itafika huko, na ni swali la haki, si la kudharau. Jibu langu ni fupi. Paulo alikuwa anaandika juu ya mpangilio wa ibada katika makanisa aliyoyajua, na Paulo huyo huyo katika Warumi 16 anamtuma Fibi na kuwaagiza watu wamsaidie kwa jambo lolote atakalohitaji. Bunge la kaunti si madhabahu. Hakuna mtu anayehubiriwa pale, ingawa wengine wangehitaji.

Lakini andiko ambalo limenisumbua wiki hii ni Hesabu 27. Mabinti watano wa Selofehadi walikuja mbele ya Musa, mbele ya kuhani, mbele ya wazee wote na mkutano mzima, wakadai urithi wa baba yao. Biblia inawataja kwa majina, wote watano, na mara zaidi ya moja. Musa angeweza kuwajibu palepale kwa desturi. Desturi ilikuwa wazi. Hakufanya hivyo. Alipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akasema wamesema kweli. Nimehubiri juu ya Musa miaka mingi, juu ya fimbo, bahari, mwamba. Sikuwahi kuhubiri juu ya siku ambayo Musa alijizuia asimjibu mwanamke haraka.

Na nina sababu ya kutokuhubiri. Sasa nitakuambia, na wazee sikuwaambia, watasoma hapa.

Mwaka wa 2013, uchaguzi wa kwanza wa kaunti, nilikuwa mchungaji kijana katika kanisa lingine, si hili. Mama mmoja mwalimu alikuja kwangu na maneno karibu sawa na ya dada huyu wa Jumatano. Nilimsikiliza dakika kumi. Nikamwambia, "Mama, masaa yako bado." Nilitumia neno lile lile la 1997, nikaligeuza likawa kufuli. Sikuwa nimefunga hata siku moja kuomba juu yake. Mungu hakuwa ameniambia kitu. Niliogopa tu mdomo wa watu, na niliogopa mume wake angedhani mimi ndiye nilimtuma. Aliniamini, kwa sababu nilisema kama mtumishi wa Mungu. Hakugombea. Miaka michache baadaye alihamia kwa binti yake Mombasa. Kila mara nikipita pale kwao naona wanawake wanashuka na mitungi kwenda mtoni wakati wa kiangazi. Sisemi angewaletea maji. Sijui. Ndiyo shida yenyewe, kwamba hatutajua, na mimi ndiye niliyefunga huo mlango kwa jina la Bwana.

Nimempigia simu Jumamosi. Nilimwomba msamaha. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama mvua imeanza Machakos.

Kwa hivyo, mpendwa, nimeamua hivi. Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, wale ambao hawana haraka watabaki. Dada yetu atasimama, na yule kijana pia atasimama, maana nimemwambia na amekubali. Kanisa halitampa yeyote kati yao baraka ya kisiasa, wala bahasha, wala kipaza sauti cha kampeni. Tutawauliza maswali. Maswali yawe yale yale kwa wote wawili: pesa uliyowahi kushika ya watu ilienda wapi, ahadi gani uliwahi kuvunja, utafanya nini na bwawa ambalo limejaa mchanga, utasema nini siku mkubwa wako wa chama atakapokuambia uinue mkono kwa jambo unalojua si sawa. Atakayeuliza dada ameolewa wapi, itabidi amuulize na kijana kwamba yeye ameoa wapi, na sote tungoje jibu.

Mzee wa tatu alinipigia jana usiku. Nilidhani amekuja na neno lingine la Paulo. Aliniuliza mkutano utaanza saa ngapi, halafu akasema ana swali moja kwa huyo mama, juu ya tangi la maji la kikundi ambalo lilinunuliwa 2021 na mpaka leo halina paa. Nikamwambia aje nalo.

Saa saba kamili. Beba chai yako mwenyewe, akina mama wa jikoni Jumapili hii wameketi na sisi.